Vipande Vilivyobaki Njiani

Maumivu yalikoma asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nimekaa kwenye mkeka uani, nachambua ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Hayakupungua kidogo kidogo kama mvua inavyokatika. Yalikoma tu. Nilibaki na mkono mmoja kwenye ungo na mwingine ubavuni, nikiusikiliza mwili wangu kama unavyosikiliza nyumba ya jirani mwenye kelele siku inapokuwa kimya. Kisha nikamwita mume wangu nimpe habari njema.

Ninakuandikia wewe uliyevunjiwa jiwe la figo kwa mashine ya mawimbi, ukaambiwa urudi nyumbani ukalikojoe. Mimi si daktari. Ninasoma matangazo kwenye redio ndogo ya hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika: misiba, mbuzi waliopotea, mikutano ya wazazi, harusi. Nitakueleza nilichoona na nilichosikia, kwa mpangilio wake, na utachukua kinachokufaa.

Jiwe langu lilikuwa kwenye figo ya kushoto. Liligunduliwa mvua zikiwa zimeshika, kwa ekografi, yaani ultrasound, ya hapa Baraka, baada ya miezi mingi ya kuambiwa ni mgongo, ni minyoo, ni uchovu wa akina mama. Daktari alisema ni kubwa mno kutoka lenyewe, na mashine ya kulivunja bila kisu hakuijua upande wetu. Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukapanda treni hadi Dar es Salaam, ambako mume wangu ana ndugu.

Nililazwa kwenye meza, mfuko wa maji ukabanwa ubavuni, na mashine ikaanza kugonga. Ilikuwa kama mtu anapiga beseni kwa kifundo cha kidole, tena na tena, mahali palepale, mpaka beseni likawa ni mimi. Daktari kijana akanionyesha picha. Jiwe lilikuwa limesambaratika.

“Sasa kazi ni yako, mama,” alisema. “Kunywa maji mengi. Chuja mkojo uone vipande. Baada ya wiki chache upige picha hukohuko kwenu, hata kama unajisikia mzima. Na homa ikija, usiisubiri ipite.”

Tuliitikia wote wawili. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji ya maharagwe, kisha ukafifia, na tukarudi nyumbani mvua za mwisho zikinyesha.

Hapa sina budi kumweleza mume wangu, Etabo. Kabla hatujaoana alichimba dhahabu Lulimba kwa miaka mingi. Alikuwa muoshaji, yule anayesimama mtoni akizungusha karai, maji yakiondoka na udongo, mchanga mzito ukibaki chini. Nilipoanza kutoa vipande, kazi ya kuchuja aliichukua yeye. Alikata kipande cha chandarua, akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye mdomo wa kopo. Vilivyobaki alivisuuza na kuvianika kwenye kisahani dirishani: punje za kahawia, nyingine kama ulezi, nyingine zenye ncha kama vioo vilivyosagwa.

Wifi yangu Wabiwa, dada yake mkubwa anayemwita yaya, na kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, alimkuta siku moja ameinamia kopo.

“We Etabo! Unaacha dhahabu ya Lulimba, sasa unatafuta ingine mu mukojo ya muke wako?”

“Cheka tu, yaya. Mi najua muchanga. Muchanga iko nasema.”

“Na hii inasema nini?”

“Inasema bado. Shimo iko na kitu.”

Tulicheka hadi nikashika ubavu. Katika ugonjwa huu utakuwa na siku kama hizo. Usizikatae.

Kisha, katikati ya kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa ukiwa umetanda juu ya ziwa, vipande vilikoma kutoka, na muda si mrefu maumivu nayo yakakoma, asubuhi ile ya ndagala. Etabo alichuja tena jioni. Akachuja kesho yake, na keshokutwa. Chandarua kilikuwa safi.

Lulimba, aliniambia, wakiosha mchanga ukatoka mtupu mara tatu mfululizo, wanajua wamefika kwenye mwamba. Shimo limekufa. Hawalichimbi tena, wanasema ni kumchokoza aliyewapa. Wanalifukia, wanachinja, wanamshukuru Mungu, wanahama. Mwenye kurudi kwenye shimo lililoshukuriwa hupata ajali. Hakuna mchimbaji asiyejua jambo hilo.

“Shimo imeisha, Mama Faida,” alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. “Tulifika ku mwamba.”

“Na ile picha dokta alisema?”

“Picha ya nini? Uko nasikia kitu?”

“Siko nasikia kitu.”

“Basi. Tushukuru.”

Ndivyo shukrani ilivyopangwa. Wabiwa aliandaa mambo yote, na tangazo nililisoma mimi mwenyewe redioni: familia inawaalika ndugu na marafiki wa Baraka, Fizi na Swima Jumapili kwenye ibada ya kumshukuru Mungu aliyemponya mama yao. Watangazaji wenzangu walipiga makofi nyuma ya kioo.

Baridi ilinianza Alhamisi, jua likiwa kali. Nilikuwa nasoma tangazo la msiba, na karatasi ikaanza kutetemeka mkononi. Nilimaliza kusoma nikiwa nimeishika kwa mikono miwili. Nikajiambia ni malaria. Wabiwa naye alisema ni malaria, akaniletea vidonge. Ijumaa homa ilishuka. Jumamosi ilirudi, na mkojo wangu ulikuwa kidogo, wenye ukungu, ukinuka kama samaki aliyelala. Etabo aliuona kwenye kopo.

“Twende lopitali,” nilimwambia.

“Batu ba Swima balishafika. Balilala kwa yaya. Kesho tushukuru, kisha Jumatatu twende. Malaria haiko naua muntu siku moja.”

Ilikuwa kweli kwamba walikuwa wamefika. Nilisikia sauti zao ng’ambo ya ua, na sufuria zikigongana.

Jumapili nilisimama mbele. Etabo alisimama kando yangu akiwa na kile kisahani, amekifunika kwa leso nyeupe, tayari kuwaonyesha watu mawe ambayo Mungu aliyatoa. Kwaya ilikuwa inaimba, na mimi nilikuwa nahesabu safu za mabenchi ili nisianguke. Meno yalikuwa yanagongana. Waliokuwa mbele walidhani ni Roho, wakazidisha makofi. Wabiwa alinishika mkono ili aniinue juu, akauachia kama aliyeshika sufuria.

“Etabo! Muke wako anawaka! Hii haiko malaria!”

Sakafu ya kanisa ilikuwa baridi na nzuri. Ndicho ninachokumbuka cha ibada ile.

Hospitalini Baraka, daktari wa ekografi alikuwa anaongea huku akisogeza kifaa tumboni mwangu, akiwalaumu walionichelewesha. Kisha mkono wake ukasimama, na maneno nayo. Nimejifunza kuuogopa ukimya huo kuliko maneno yoyote. Alifuta mafuta, akaanza upya, akasimama palepale.

“Figo imevimba. Imejaa mpaka inataka kupasuka,” alisema mwishowe. “Mukojo haiko na njia.”

“Lakini muchanga ilikoma, dokta,” alisema Etabo. “Nilichuja mi mwenyewe. Ilikuwa safi.”

“Njo vile, papa. Ilikoma juu njia ilifunga.”

Etabo alikaa chini, pale alipokuwa amesimama, sakafuni, mbele ya manesi.

Daktari alieleza kwa mfano ambao kila mtu wa hapa anauelewa. Daraja likikatika kwenye barabara ya Uvira, lori la kwanza linasimama, la pili linasimama nyuma yake, la tatu, mpaka foleni inafika kijijini. Vipande vyangu vilikuwa vimefanya hivyo kwenye mrija mwembamba unaotoka figoni kwenda kwenye kibofu. Kimoja kilikwama, vingine vikajipanga nyuma. Nyuma ya vyote mkojo ulisimama, ukaoza. Na figo iliyojaa hivyo kwa muda huacha kulia. Maumivu yake hunyamaza wakati yenyewe inakufa.

Kama utakumbuka jambo moja tu katika maandishi haya, kumbuka hilo.

Waliniwekea seromu, yaani dripu, na dawa ya sindano. Daktari alisema dawa itaishikilia homa lakini haitafungua njia, na kwamba anayeweza kuifungua hayuko Baraka. Barabara ya kaskazini haikupitika wiki ile kwa sababu ambazo watu wa huku hatuulizi mara mbili. Ikabaki boti ya Kigoma.

Tuliondoka kulipopambazuka. Boti ilikuwa ya mbao, yenye injini, imejaa watu na magunia. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeliamsha ziwa. Hapakuwa na mahali pa kutundika seromu, basi Etabo aliushika mfuko juu ya kichwa chake. Mkono wake ulipochoka, mama mmoja muuza vitenge, ambaye hatukumjua, aliuchukua bila kuulizwa. Walipokezana hivyo mchana kutwa, mawimbi yakiwarushia maji. Mama yule aliniambia neno moja tu njia nzima: “Usilale.” Sikulala. Niliangalia milima ya kwetu ikizama nyuma, na niliwaza kwamba huenda naiona kwa mara ya mwisho, nikiwaza jambo hilo kwa utulivu, kama nasoma tangazo la mtu mwingine.

Kigoma nilikaa kwenye benchi la mbao lenye miguu ya chuma iliyoshika kutu, chini ya feni iliyokuwa inazunguka polepole mno kuleta upepo. Daktari alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye viatu vya raba. Alisoma karatasi za Baraka akiwa amesimama.

“Nani alisema huyu amepona?”

Etabo akainua mkono kama mtoto wa shule.

“Haya. Leo hatugombani. Leo tunamwokoa.”

Walinilaza kifudifudi, wakanipiga ganzi, wakapitisha mrija mgongoni hadi ndani ya figo. Nilisikia shinikizo, kisha kitu kikaachia. Kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe chenye ukijani, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Nesi aligeuza uso. Mimi sikuwa na pa kuugeuzia.

Daktari alikuja baadaye, akainama karibu nami ili nimsikie vizuri.

“Mama Faida, sitakudanganya. Huo ni usaha. Utaisha. Ukiisha, tunaangalia mfuko huu. Mkojo ukifuata, figo iko hai na tutapigana kuibakiza. Usipofuata, imekufa, na tutaitoa kabla haijakuua na wewe.”

Kuanzia hapo maisha yetu yote yalikuwa ndani ya mfuko ule wa plastiki uliotundikwa kwenye chuma cha kitanda. Usaha ulipungua. Kisha hakikutoka kitu. Etabo alikaa kwenye kigoda akiukodolea macho mfuko mtupu, na mara hii hakusema mchanga unasema nini. Alipoletewa chai, ilipoa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, msichana aliyejifungua kwa kisu, alituuliza kama tunasubiri simu. Etabo alisema ndiyo.

Tone la kwanza lilikuwa la rangi ya majani ya chai. Lililofuata lilichelewa sana. Kufikia jioni, chini ya mfuko palikuwa na maji ya manjano yanayofunika ncha ya kidole. Daktari aliyaangalia kwenye mwanga.

“Iko hai,” alisema. “Kiasi gani, sijui.”

Wiki zilizofuata zilikuwa za sindano na kungoja. Nilikonda hadi kitenge changu kikanizunguka mara mbili. Nywele zilitoka kwa kitana. Nililala ubavu mmoja tu, kwa kuogopa kuukunja mrija. Nakushauri jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: funga mfuko kwa utepe laini kiunoni, chini ya nguo, na kabla ya kuinuka ushike kwanza. Mara moja niliinuka nikausahau, na kilio changu kiliwatoa watu wodi ya jirani.

Simu za nyumbani ziliumiza kwa namna yake. Wabiwa alipiga kuniambia watu wanasema kanisani kwamba nilitaka kushuhudia uongo mbele ya madhabahu, na Mungu akaniangusha.

“Na we unabaambia nini, wifi?” niliuliza.

“Mi niko kimya. Nitasema nini? Mi njo nilibaita.”

Etabo alininyang’anya simu. “Yaya, baambie mi njo nilisema shimo imeisha. Siyo yeye. Bakitaka kusema, bakuye huku Kigoma baniambie ku macho.” Akakata. Kisha akatoka nje, na aliporudi alikuwa amenawa uso. Kati yetu wawili hatukuizungumzia siku ile ya shukrani. Alinisafisha, alinigeuza, alimwaga mfuko, lakini hakunitazama machoni, na mimi sikuwa na nguvu za kumsaidia. Ugonjwa wa mmoja huwa wa nyumba nzima. Usishangae ukikuta aliye mzima anaumwa kuliko wewe.

Mvua za kwanza zilitukuta Dar es Salaam, ambako daktari wa Kigoma alitutuma vile vipande vikatolewe. Chumba cha kusubiria kilikuwa na televisheni isiyo na sauti na watu wenye mifuko kama wangu, wanaume wameificha ndani ya koti, wanawake chini ya kanga. Mzee mmoja wa Tabora alinitazama ninavyokaa upandeupande, akacheka.

“Karibu chamani, mama. Hapa sote ni mafundi bomba.”

“Sisi siyo mafundi, muzee. Sisi njo bomba yenyewe.”

Alicheka mpaka mfuko wake ukatikisika. Aliitwa kabla yangu.

Zamu yangu ilipofika walinichoma ganzi ya mgongo, miguu ikawa ya mtu mwingine. Kifaa chembamba chenye taa na kamera kilipitishwa kwenye njia ya mkojo, kikapanda kupitia kwenye kibofu. Hakuna kisu, hakuna mshono. Niliomba nigeuziwe skrini. Niliona njia ya waridi, yenye unyevu, kama koo la mtoto, kisha ikaziba ghafla kwa vitu vya njano vilivyobanana. Ndivyo vyenyewe. Nilivitambua. Miali ya leza ilivipasua, na kikapu kidogo cha waya kikavikamata kimoja kimoja na kuvitoa nje.

Halafu daktari akaacha kuzungumza na msaidizi wake.

“Kuna nini?” niliuliza.

“Tulia, mama.”

“Niambie. Niko naona.”

“Kipande cha juu kimezama kwenye ukuta wa mrija. Nyama imevimba imekizunguka. Nikikivuta leo, mrija unaweza kuchanika.” Akakirudisha kifaa nyuma, taratibu. “Tunaacha hapa. Nakuwekea mrija laini wa ndani, njia ipumzike. Tutarudi.”

Nilimchukia kwa kusimama. Leo najua ndiyo kitu bora alichonifanyia.

Ule mrija wa ndani ni rafiki asiye na adabu. Kila nilipokojoa, moto ulipanda hadi mgongoni. Kila nilipotembea, mkojo ulikuwa wa pinki. Nilihisi haja saa zote. Walinipa dawa ya kuutuliza, na maji mengi yalisaidia. Utavumilia, kwa sababu utajua kwamba kuna kitu kinapita.

Waliporudi mara ya pili, uvimbe ulikuwa umeshuka. Kile kipande kilitoka, na mrija wa ndani nao ukatolewa. Daktari alisema njia ni nyeupe hadi juu, na wote chumbani wakafurahi. Mimi nilingoja, kwa sababu swali langu halikuwa la mawe tena. Njia ikiwa wazi, je, figo ingeweza kusukuma mkojo wake yenyewe, bila mrija wa mgongoni?

Kulikuwa na namna moja tu ya kujua. Asubuhi moja nesi aliubana ule mrija kwa klipu.

“Ukisikia ubavu unajaa, ukisikia homa, sema haraka,” aliniambia. “Usijifanye shujaa.”

Nilikaa kitandani. Etabo alikaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Baraka alinitazama machoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya korido. Nilinywa maji. Ubavu ulikuwa mzito kidogo, na sikujua kama ni woga au ni mkojo unaopanda. Nikasikia baridi miguuni. Ilikuwa dirisha limeachwa wazi. Etabo alilifunga. Nilipokwenda chooni alinifuata hadi mlangoni, akasimama nje.

Mkojo ulikuwa mwingi. Nilitoka nimeshika ukuta, nikamwambia, naye akaweka paji la uso wake begani pangu, pale kwenye korido, watu wakipita na mabeseni.

Hawakuutoa mrija siku hiyo. Waliuacha umebanwa hadi kesho yake, wakapima damu, wakapiga ekografi, na ndipo wakautoa. Daktari alinipa habari zote bila kuzipamba. Figo ya kushoto inafanya kazi, lakini imepoteza nguvu nyingi ambazo hazitarudi. Mwenzake wa kulia sasa anabeba zaidi. Na katika huyo wa kulia, kwenye picha, kuna nukta ndogo nyeupe. Huenda ikalala miaka. Huenda isilale.

“Haina maumivu,” nilisema.

“Bado,” alijibu.

Nimerudi Baraka, nimerudi kazini. Maji nayanywa kama sala, na kwenye meza ya studio pana chupa ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Wabiwa na mimi tumepatana. Wakati wa mavuno aliniletea mahindi mabichi, tukala bila kuyarudia yaliyopita. Mvua zinaelekea kukatika tena, na vumbi linaanza kukaa juu ya majani kando ya barabara.

Kila mwisho wa mwezi Etabo huniuliza kama kuna mahali panauma, kushoto au kulia. Wiki hii nilimwambia ukweli: hapana, hakuna mahali popote, ninajisikia mzima kabisa.

“Haiko nauma ata kidogo?”

“Ata kidogo.”

Akavaa viatu vyake, akaenda kutafuta pikipiki ya kutupeleka kwenye ekografi.